Zabibu za mvinyo: kwa nini tunawaomba wakulima wakate vichala



Katika barua tunazopokea kuhusu mradi wa zabibu hapa Dodoma, swali linalorudi mara nyingi ni hili: hadi sasa imepandwa miche mingapi? Ni swali la haki. Kwa miaka kadhaa tulilijibu kwa furaha, kwa sababu miche huhesabika kwa urahisi na shamba changa hupendeza kwenye picha. Lakini hesabu ya miche imetupotosha, na katika toleo hili tunaomba nafasi ya kueleza imetupotosha vipi.

Mwezi Machi 2018 kikundi cha wakulima wa kigango kimoja tunachokisaidia kilivuna mavuno yake ya kwanza makubwa. Walikodi lori, wakapakia magunia ya zabibu usiku, wakafika kwa mnunuzi saa nne asubuhi. Karani wa mnunuzi alikamua punje chache, akadondosha maji yake kwenye kipimo cha sukari, akasoma 16. Akachukua kutoka gunia jingine, akasoma 15. Zabibu za chini kabisa kwenye magunia zilikuwa zimeshapasuka na kuanza kunuka uchachu. Lori likarudishwa. Akina mama waliuza walichoweza kando ya barabara kwa bei ya kutupa, na kilichobaki kilimwagwa. Gharama ya lori ilibaki kuwa deni la kikundi.

Mnunuzi yule hatumlaumu, wala wakulima. Walifanya yote tuliyowafundisha: kupanda, kupalilia, kumwagilia na kuvuna kwa wingi. Tuliwafundisha kulima zabibu kama mahindi. Zabibu za kutengeneza mvinyo mzuri zina masharti mengine, na sharti lililo gumu kuliko yote ni kwamba mkulima lazima akubali kuvuna kidogo.

Kwa nini Dodoma

Wasomaji wetu wa mbali hushangaa kusikia kwamba mzabibu unastawi katika nchi kavu namna hii. Jibu lipo katika ukavu wenyewe. Dodoma ipo kwenye uwanda wa juu, karibu mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na mvua yake ni kidogo, kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, nayo karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Baada ya hapo ni kiangazi kirefu. Udongo mwingi ni wa kichanga, hautuamishi maji. Mzabibu unachukia miguu iliyolowa na majani yaliyolowa, na kwa miezi saba ya mwaka Dodoma haina kimojawapo. Wamisionari wa Kikatoliki kutoka Italia, ambao walihitaji divai ya altare na walijua mzabibu tangu utoto wao, waliliona jambo hili katikati ya karne iliyopita. Jina la Bihawana halitengani na historia hiyo. Kutoka mashamba ya misheni zao hilo lilienea Hombolo, Mpunguzi, Mvumi na vijiji vingine, na Serikali ikaweka kituo cha utafiti Makutupora, ambacho leo ni sehemu ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, TARI. Aina nyekundu inayolimwa zaidi na wakulima wadogo inaitwa kwa jina la kituo hicho, Makutupora nyekundu. Kwa mvinyo mweupe, Chenin Blanc ndiyo inayojulikana zaidi.

Kuna jambo la pili ambalo wageni kutoka Ulaya huliona kama muujiza. Kwao mzabibu hupukutisha majani wakati wa baridi, hulala, kisha huamka wenyewe majira ya kuchipua na huvunwa mara moja kwa mwaka, karibu na Septemba. Huku kwetu, nyuzi sita tu kusini mwa Ikweta, hakuna baridi ya kuulaza. Anayeuamsha ni mkulima na mkasi wake. Siku unapopogoa ndiyo siku mzabibu unapoanza kuhesabu, na kati ya siku 110 na 130 baadaye, kulingana na aina na hali ya hewa, zabibu zinakuwa tayari. Ndiyo maana Dodoma huvuna mara mbili: kwanza Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba.

Mavuno haya mawili hayalingani, na hapa ndipo tulipokosea mwanzoni. Zabibu za Machi hukua wakati wa mvua. Mizizi hunywa maji mengi, punje huvimba, majani huwa mengi na magonjwa ya ukungu hushambulia. Zabibu za Agosti hukua kiangazi, mkulima akiwa ndiye anayeamua maji. Usiku wa Juni na Julai joto la Dodoma hushuka hadi karibu nyuzi 14, na ubaridi huo husaidia punje kutunza uchachu wake na kupata rangi nzuri. Mvinyo mzuri hutaka sukari ya kutosha na uchachu wa kutosha kwa pamoja. Penye joto kali mchana na usiku, sukari hupanda huku uchachu ukipotea, na mvinyo wake hukosa uchangamfu mdomoni. Kwa hiyo mwenye kutaka zabibu bora ayatunze hasa mavuno ya kiangazi.

Hata hivyo hatuwezi kumwambia mkulima aachane na mavuno ya Machi. Kila anayeijua Ugogo anajua Januari na Februari zilivyo. Ghala la uwele na mtama linakaribia kuisha na mavuno mapya hayajafika. Fedha ya zabibu ya Machi, hata ikiwa ndogo, ndiyo inayonunua debe la mahindi. Ushauri wetu sasa ni kwamba mavuno hayo yauzwe kwa kula, kwa juisi, au kwa wasindikaji wadogo wanaokamua mchuzi wa zabibu wa daraja la kawaida, na mkulima asiahidi kwa mnunuzi wa mvinyo bora kitu ambacho mvua haitampa.

Mkasi

Tuje kwenye kazi yenyewe. Tukipanda kwa mita 2.5 kati ya mstari na mstari na mita 1.5 kati ya shina na shina, ekari moja inachukua mizabibu karibu 1,080. Kila shina tunalilea kwa mikono miwili inayolala juu ya waya, mmoja kulia na mwingine kushoto. Kwenye kila mkono tunaacha vijiti vifupi vitano au sita, na kila kijiti tunakikata kikiwa na macho mawili tu. Macho hayo huzaa machipukizi 20 au zaidi kidogo kwa shina. Kila chipukizi hubeba kichala kimoja au viwili, mara nyingine vitatu.

Sasa fanyeni hesabu pamoja nasi. Kichala kimoja cha zabibu za mvinyo tukikiweka gramu 150, mashina 1,080 yenye vichala 20 kila moja hutoa zaidi kidogo ya tani tatu kwa ekari, kwa mavuno moja. Tukiacha vichala 40 kwa shina, karatasi inasema tani sita na nusu. Karatasi haidanganyi kuhusu uzito. Inachosahau ni kwamba sukari ya zabibu haitoki ardhini, inatengenezwa na majani kwa nguvu ya jua. Kichala kimoja kinahitaji majani kati ya 10 na 15 yenye afya ili kiive sawasawa. Majani yaleyale yakilazimishwa kulisha vichala viwili, vyote viwili hubaki na maji na uchachu, na mwisho wa siku 120 kipimo kinasoma 16.

Kwa hiyo tunapogoa kwa ukali. Machipukizi yanapofikia urefu wa shibiri moja hivi, tunapita tena na kung'oa yaliyo dhaifu na yaliyosongamana. Punje zinapokuwa kubwa kama mbegu za mbaazi, tunapita mara ya tatu na kukata vichala vilivyozidi: chipukizi lenye nguvu hubaki na viwili, dhaifu kimoja au hata bila. Vinaanguka chini vikiwa bado vya kijani.

Hatua hii ya tatu ndiyo iliyotuletea maneno. Bibi mmoja wa Hombolo, ambaye shamba lake ni nusu ekari, alimshika mkono bwana shamba wetu na kumwambia, mwanangu, hicho ulichokiangusha ni sabuni na chumvi ya nyumba yangu. Bwana shamba, kijana wa rika la wajukuu zake, hakuwa na la kumjibu siku hiyo. Tukakubaliana naye kwamba nusu ya mistari yake itapunguzwa vichala na nusu itaachwa kama apendavyo, kisha Agosti tupime. Alipima mwenyewe, kwa macho yake mwenyewe kwenye kipimo. Mistari iliyopunguzwa ilifika 22, ile mingine ilikuwa 18 na punje zake nyingi bado zilikuwa na madoa ya kijani. Tangu hapo yeye ndiye anayewafundisha wenzake, na mkono wake ni mkali kuliko wa bwana shamba.

Wanaosoma Injili ya Yohane, sura ya 15, watakumbuka kwamba Bwana aliongelea habari ya tawi linalozaa kukatwa ili lizidi kuzaa. Tumeisikia mara nyingi kanisani kama mfano tu. Kwa mwenye mkasi mkononi ni maelekezo ya kazi.

Nguzo, mchwa na maji

Mche ni sehemu ndogo ya gharama ya shamba la mizabibu, na tunasema hivi kwa masikitiko kwa sababu bajeti yetu ya kwanza iliweka fedha nyingi kwenye miche na kidogo kwenye nguzo. Mzabibu ni mmea wa kutambaa. Bila nguzo na waya hulala chini, majani hufunikana, vichala hukaa gizani na unyevu hautoki. Tulitumia nguzo za miti iliyopatikana karibu. Mchwa wa Dodoma walituonyesha kosa letu ndani ya miaka miwili: mstari mzima uliinama na kuanguka ukiwa na zabibu. Sasa tunatumia nguzo za zege au chuma kwenye ncha za mistari, ambako mzigo wa waya ni mkubwa, na katikati nguzo za mbao zilizotiwa dawa. Ni ghali, lakini zinawekwa mara moja, na mzabibu unaotunzwa vizuri huzaa kwa miaka 30 na zaidi.

Jambo ambalo halitugharimu sana ni samadi. Wagogo ni wafugaji, na mazizi ya ng'ombe yako kila kijiji. Kila shimo la kupandia linapata samadi iliyooza vizuri, na baadaye kila mwaka kidogo kuzunguka shina. Tunasisitiza kidogo. Samadi nyingi, kama maji mengi, hutoa majani mazito ya kijani kibichi ambayo mgeni huyasifu, lakini kivuli chake huzuia kuiva na huwapa ukungu nyumba.

Kuhusu maji, mzabibu mchanga unayahitaji sana katika mwaka wake wa kwanza na wa pili, hadi mizizi ishuke. Mzabibu mkubwa unahitaji maji baada ya kupogolewa, wakati wa kuchanua na wakati punje zinapokua. Kisha ipo wiki ambayo punje nyekundu huanza kubadili rangi na nyeupe huanza kung'aa na kulainika. Kuanzia hapo tunapunguza maji, bila kuyakata kabisa, maana mti unaonyauka nao hauivishi. Punje ndogo ndiyo tunayoitaka. Rangi, harufu na ule ukakasi wa mvinyo mwekundu viko kwenye ganda, si kwenye maji ya ndani, na punje ndogo ina ganda jingi kwa kila tone la juisi. Mkulima anayefungulia bomba wiki ya mwisho ili kuongeza kilo anayeyusha kazi ya miezi minne. Tumeliona hili likifanyika, na hatuna ujasiri wa kumlaumu mtu ambaye analipwa kwa uzito peke yake.

Umwagiliaji wa matone umetusaidia, ila maji ya visima katika baadhi ya vijiji yana chumvi. Ncha za majani zikianza kuungua, hiyo ni dalili ya kwanza. Kabla ya kuchimba kisima kwa fedha ya mhisani, maji ya eneo hilo yapimwe.

Magonjwa

Mawili yanatusumbua kuliko mengine. Ubwiri unga huonekana kama vumbi jeupe juu ya majani na punje, hauhitaji mvua, na punje zilizoshikwa hupasuka. Ubwiri vinyoya hufuata mvua, huweka madoa kama ya mafuta juu ya jani na manyoya meupe chini yake, na unaweza kumaliza majani yote ya shamba katika Januari yenye mvua za mfululizo. Kwa wa kwanza tunatumia dawa za salfa, kwa wa pili dawa za shaba, zote zikiwa kinga zaidi kuliko tiba. Anayesubiri aone ugonjwa ndipo apulize amechelewa. Siku za kuacha kupuliza kabla ya kuvuna zimeandikwa kwenye kila kopo la dawa, na zifuatwe, kwa sababu salfa iliyobaki kwenye ganda huleta harufu ya yai viza kwenye mvinyo. Kinga nzuri kuliko zote ni hewa: tunaondoa majani machache yanayofunika vichala, upande wa jua la asubuhi tu. Upande wa jua la mchana tunayaacha, la sivyo punje huungua.

Kuna pia minyoo fundo kwenye udongo wa kichanga, na ndege wiki za mwisho. Kuhusu ndege tuna ombi moja. Tumeona watoto wakikaa shambani siku nzima na manati badala ya kwenda shule. Kikundi ambacho kinasaidiwa na parokia kinapaswa kuweka zamu ya watu wazima, au kununua nyavu.

Kuvuna

Kipimo cha sukari ni kifaa kidogo kama darubini, kinachotoshea mfukoni. Kila kikundi kinapaswa kuwa nacho, na siyo mnunuzi peke yake. Namba yake, inayoitwa Brix, kwa lugha nyepesi inaonyesha gramu za sukari katika kila gramu 100 za juisi. Kwa kawaida mvinyo hutaka zabibu za 20 hadi 24. Ukizidisha namba hiyo kwa 0.55 unapata makadirio ya kilevi kitakachotokea: zabibu za 22 hutoa mvinyo wa asilimia 12 hivi, zabibu za 16 hazifiki hata 9, na mvinyo mwepesi namna hiyo huharibika upesi kwenye pipa.

Pima kuanzia wiki tatu kabla, kwa punje za juu, za kati na za chini ya kichala, kutoka mistari mbalimbali, siyo kutoka kichala kimoja kizuri kilicho karibu na njia. Kisha onja. Mbegu iwe ya kahawia na ivunjike kwa meno, ganda lisiwe kali sana ulimini. Kipimo hakijui ladha.

Uvunaji uanze alfajiri na uishe kabla jua halijapanda. Kata kwa mkasi, usivute. Weka kwenye kreti zisizo na kina kirefu, kiasi cha kilo 20, kamwe siyo kwenye magunia. Punje iliyopasuka huanza kuchacha palepale, na kwenye jua la Dodoma saa tatu zinatosha kuharibu kazi ya msimu. Makreti 60 yangeokoa sehemu kubwa ya lile lori la 2018, hata kwa zabibu zile mbichi.

Bei

Hapa tunafika kwenye jambo lenyewe. Chukueni mfano wa kubuni. Mkulima wa kwanza analeta kilo 3,000 zenye Brix 17. Wa pili amekata vichala vyake na analeta kilo 2,200 zenye Brix 22. Bei ikiwa shilingi 1,000 kwa kilo bila kujali daraja, wa kwanza anapokea shilingi milioni 3.0, wa pili milioni 2.2. Ukipiga hesabu ya sukari iliyomo, wa kwanza ameleta kilo 510 na wa pili 484, karibu sawa. Tofauti ni kwamba mzigo wa kwanza umebeba maji mengi ambayo kiwanda kinayalipia, kinayasafirisha, kisha kinalazimika kuyafidia kwa kuongeza sukari ya dukani. Kwa bei ya namna hii, aliyefuata mafundisho yetu amepoteza shilingi laki nane. Semina zetu haziwezi kushindana na laki nane.

Kwa hiyo tumejifunza kwamba mkataba wa bei huja kabla ya mkasi. Mkataba useme, kabla ya kupogoa, Brix ya chini inayokubalika ni ipi, kila nyuzi inayozidi inaongeza shilingi ngapi, nani anapima, mkulima yupo au hayupo wakati wa kupima, na mnunuzi akichelewa kuchukua mzigo nani anabeba hasara. Zabibu haisubiri kama alizeti. Kwa mtu mwenye ghala la alizeti, kukaa bila kuuza ni mbinu. Kwa mwenye zabibu zilizoiva ni hasara ya siku tano. Ndiyo maana mwaka ambao wanunuzi ni wachache, mkulima mmoja mmoja hana sauti yoyote. Chama cha ushirika kinachojua kipimo chake, chenye hata tanki dogo la kukamulia na kutunza mchuzi, kinaweza angalau kuzungumza. Sheria ya ushuru nayo kwa miaka mingi imetoza kiwango cha chini kwa mvinyo wenye zaidi ya asilimia 75 ya zabibu za nchini, kwa hiyo viwanda vina sababu ya kuzitafuta zabibu zetu. Lakini vinazitafuta zilizoiva.

Divai ya altare na swali la ulevi

Kamati moja ilituuliza kama divai ya Misa inaweza kutoka kwa wakulima wetu wenyewe. Tunatamani hivyo, lakini tujue sharti lake. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 924, inataka divai ya asili itokanayo na tunda la mzabibu na isiyoharibika, na maelekezo ya Roma ya mwaka 2004 yalirudia kwamba isichanganywe na vitu vingine. Maana yake zabibu za 16 haziwezi kuokolewa kwa mfuko wa sukari. Sukari yote itoke kwenye jani. Parokia inayotaka divai ya namna hii ingekuwa mnunuzi mdogo, lakini mnunuzi anayelipa kwa ubora, na kwa kikundi kinachoanza huo ni mwanzo mzuri.

Wengine wametuuliza kwa uchungu zaidi kama ni haki shirika la Kanisa kukuza zao la kilevi, wakati tunaona ulevi unavyovunja nyumba. Hatuna jibu jepesi. Tunachoona ni kwamba mvinyo wa kuuza mjini siyo unaowalevya watu wa vijiji vyetu. Huko ni pombe za kienyeji na za vipakiti zilizosumbua kwa miaka mingi hadi vilipopigwa marufuku mwaka 2017. Tunachoweza kufanya ni kuhakikisha malipo ya zabibu yanafika mikononi mwa waliofanya kazi, na wengi wao ni akina mama. Vikundi vyetu sasa hulipa kwa jina la aliyepima mzigo, siyo la mwenye hati ya shamba. Kuna waume walionuna.

Tunachoomba

Mwaka huu hatuombi miche. Mashamba yaliyopo yanatosha kwa mikono iliyopo. Tunaomba kreti, vipimo vya sukari, mikasi mizuri ya kupogolea ambayo haichani tawi, na nguzo za kubadilisha zile zilizoliwa na mchwa. Tunaomba pia wahisani watuvumilie tutakapoleta taarifa yenye kilo chache kuliko ya mwaka jana. Kando ya kila uzito tutaandika Brix, na bei iliyolipwa.

Kwa kamati za parokia: vikundi vya Hombolo na Mpunguzi vitapogoa kwa ajili ya mavuno ya kiangazi mara mvua itakapokatika, ambayo kwa kawaida ni wiki ya mwisho ya Aprili. Kila kamati ilete watu wawili, mmoja wao awe mama mwenye shamba. Kazi inaanza saa kumi na mbili asubuhi. Njooni na mikasi yenu na maji ya kunywa, uji utakuwepo.